Sarafu za Dhahabu za Miaka ya Mwisho ya Dola ya Uthmaniya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayetaka kuanza kukusanya, wa aliyerithi sarafu moja au mbili na hajui azifanyeje, na wa mfanyabiashara anayekwenda Istanbul kufunga mzigo akakutana na sarafu hizi kwenye vioo vya masonara. Maswali yamepewa namba ili tusirudierudie. Ukiona "tazama swali la 5", nenda huko kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Tunaposema "za miaka ya mwisho", tunaanzia wapi na kuishia wapi?

Tunaanzia mwaka 1844. Kabla ya hapo sarafu za Uthmaniya zilikuwa vurugu tupu. Sultani Mahmud II alibadilisha uzito na kiwango cha dhahabu mara nyingi, kila toleo na jina lake, mpaka mfanyabiashara wa kawaida akawa hajui anachoshika mkononi. Mwanawe, Abdülmecid, akaja na mageuzi ya sarafu ya 1844. Dhahabu ikawekwa kwenye kiwango kimoja, mashine za kisasa zikafungwa kwenye karakana ya kupiga sarafu ya Istanbul, na kiwango hicho hakikuguswa tena hadi mwisho wa Dola.

Mwisho ni 1922. Usultani ulifutwa tarehe 1 Novemba mwaka huo, na Sultani wa mwisho, Mehmed VI Vahdeddin, akaondoka Istanbul tarehe 17 akiwa ndani ya manowari ya Kiingereza. Kwa hiyo tunazungumzia kipindi kisichofika miaka 80, chenye masultani sita. Kwa mkusanyaji hilo ni jambo zuri, maana uwanja si mkubwa na unaweza kuumaliza.

2. Lira moja ina dhahabu kiasi gani?

Lira ni sarafu ya kurushi 100. Uzito wake ni gramu 7.216, karati 22 (yaani 916 katika 1,000), na dhahabu safi iliyomo ni gramu 6.615 hivi. Upana wake ni milimita 22. Shika namba hizi nne kichwani, kwa sababu karibu kila jibu la hapa chini linarudi kwazo.

Nyingine zinafuata uwiano huohuo. Kurushi 25 ni gramu 1.804, kurushi 50 ni 3.608, kurushi 250 ni 18.04, na kurushi 500, ile kubwa ya kujaza kiganja, ni 36.08. Kurushi moja ilikuwa na para 40, lakini para hazikuwa za dhahabu.

3. Masultani hao sita ni akina nani?

Abdülmecid (1839 hadi 1861), Abdülaziz (1861 hadi 1876), Murad V (siku 93 tu za mwaka 1876), Abdülhamid II (1876 hadi 1909), Mehmed V Reşad (1909 hadi 1918) na Mehmed VI Vahdeddin (1918 hadi 1922).

Sokoni Uturuki hutasikia "sarafu ya kurushi 100 ya Mehmed V". Utasikia "Reşat" tu, au "Hamit", "Aziz", "Mecit". Ukiingia dukani na kuuliza hivyo, muuzaji anajua kwamba haongei na mtalii wa jana.

4. Bibi ana "pauni" kwenye mkufu. Yaweza kuwa hii?

Mara nyingi sivyo. Pauni zilizozoeleka pwani kwetu ni za Kiingereza: upande mmoja kichwa cha mfalme au malkia, upande wa pili mtu juu ya farasi akipigana na joka. Lira ya Uthmaniya haina sura ya mtu wala mnyama, ni maandishi, nyota na majani tu. Pauni ya Kiingereza ina gramu 7.988, nayo pia ni karati 22, kwa hiyo ina dhahabu zaidi kidogo. Enzi hizo pauni moja ya Kiingereza ilikuwa sawa na kurushi 110 hivi, na ukigawanya dhahabu ya moja kwa ya nyingine, hesabu inakubali.

Kama ya bibi ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, endelea kusoma. Na usimwambie bado aitoe kwenye mkufu.

## Kuisoma sarafu

5. Mwaka wa sarafu unasomwaje? Naona 1293 kwenye zote!

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kuulizwa, na wauzaji wengi wa mitandaoni hulikosea. Namba kubwa unayoiona (1255, 1277, 1293, 1327 au 1336) si mwaka wa kupigwa sarafu. Ni mwaka wa Hijria ambao Sultani alikalia kiti. Abdülhamid alitawala miaka 33, na sarafu zake zote zina 1293.

Mwaka wenyewe umefichwa upande wa pili. Chini ya tughra, ile saini iliyosukwasukwa ya Sultani, kuna neno "sene" na namba ndogo. Hiyo ndiyo inayosema ni mwaka wa ngapi wa utawala wake. Hesabu yake: chukua mwaka wa kukalia kiti, ongeza mwaka wa utawala, toa moja. Mfano, 1293 na sene 28: 1293 + 28 − 1 = 1320 Hijria. Ili kupata mwaka wa Kimasihi, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Unapata 1902.

Mfano mwingine: 1327 na sene 9 inakupa 1335, yaani karibu 1917, katikati ya Vita Kuu. Matokeo yanaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa utawala ulianza siku ya kutawazwa na si Muharram. Hilo lisikusumbue. Kwenye katalogi sarafu huandikwa "1293/28", na wewe iandike hivyohivyo kwenye daftari lako.

6. Sisomi Kiarabu. Nitaweza?

Unahitaji tarakimu kumi tu: ٠ ١ ٢ ٣ ٤ ٥ ٦ ٧ ٨ ٩. Aliyepita chuoni utotoni anazo tayari. Asiyepita atazijua kwa jioni moja. Angalia ٢ na ٣, kwani kwenye sarafu iliyochakaa jino moja likisuguka tatu inakuwa mbili, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya pesa nyingi ikiwa mwaka mmoja ni adimu. Sifuri ni nukta, na nukta ndiyo hufutika kwanza.

Upande wa mwaka mkubwa kuna maneno machache yanayojirudia: "azza nasruhu", dua ya kumtakia Sultani ushindi mtukufu, halafu "duriba fi Qustantiniyya", yaani imepigwa Konstantinopoli, jina la zamani la Istanbul. Ndiyo, karakana iliendelea kutumia jina hilo hadi mwisho kabisa.

7. Tughra inasema nini, na lile neno dogo pembeni yake?

Tughra ina jina la Sultani, jina la baba yake, na maneno "mshindi daima". Ya Abdülhamid ni Abdülhamid Khan bin Abdülmecid. Huna haja ya kuisoma herufi kwa herufi. Chukua picha nzuri za tughra zote sita, ziweke kwenye simu, na ulinganishe umbo.

Pembeni kulia ndiko kwenye utamu. Sarafu za mwanzo za Abdülhamid zina ua dogo mahali hapo. Za baadaye zina neno "el-Gazi", cheo cha mpiganaji. Za Mehmed V zilianza na neno "Reşad", kisha mwaka wa 7 wa utawala wake likaingia "el-Gazi" badala yake. Kwa hiyo kuna sarafu ambazo kila sonara anaziita Reşat na neno Reşad halimo. Mwaka wa 7 una aina zote mbili. Ukiwa mkusanyaji wa aina, hizo ni sarafu mbili tofauti.

8. Kuna masultani wawili wenye 1293?

Wapo. Murad V alitawazwa Mei 1876 na kuondolewa Agosti mwaka huohuo, na Abdülhamid akachukua nafasi yake. Vyote viwili vilitokea ndani ya 1293 Hijria. Sarafu ya 1293 yenye sene 1 inaweza kuwa ya yeyote kati yao, na tughra ndiyo shahidi pekee.

Dhahabu ya Murad V ni adimu sana, na ndiyo maana kila anayeuza 1293/1 hutamani iwe yake. Ukiambiwa "hii ni ya Murad", usibishane. Toa picha za tughra na ulinganishe jina la kwanza. Bado una shaka? Basi lipa bei ya Abdülhamid au uiache.

9. Sarafu yangu haina neno Konstantinopoli, ina jina la mji mwingine.

Tulia, kwa sababu huenda umeshika kitu kizuri. Mehmed V alizitembelea baadhi ya sehemu za Dola, na kwa kila ziara zilipigwa sarafu chache zenye jina la mahali: Bursa (1327/1), Edirne (1327/2), halafu Kosova, Manastır na Selanik (zote 1327/3, ziara ya mwaka 1911). Mwaka uliofuata Vita vya Balkan vilianza, na hizo tatu za mwisho zikatoka mikononi mwa Dola moja kwa moja. Ukimshikisha mtu sarafu ya Selanik ya 1911, historia hiyo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa kuwa zina bei kubwa, zinaghushiwa. Tazama maswali ya 14 na 15 kabla ya kufungua pochi. Jina likiwa ni Misr, nenda swali la 21.

## Aina mbili zinazochanganywa

10. Kwa nini lira mbili za mwaka mmoja, moja ni nene na nyingine ni pana na nyembamba?

Ile nene ndiyo fedha hasa, iliyotengenezwa kwa ajili ya malipo. Ile pana na nyembamba huitwa ziynet, sarafu ya pambo, iliyopigwa makusudi kwa ajili ya wanawake kuvaa. Uzito wake ni pungufu kidogo: kurushi 100 ya ziynet ni gramu 7.016, na ile ya 500 ni 35.08. Karati ni ileile 22.

Hakuna bandia hapo. Zote mbili zilitoka kwenye karakana ya Sultani. Ila mtu akipima 7.02 kwenye mizani na hajui habari hii, ataikataa sarafu halali. Nimeona watu wakifanya hivyo.

11. Beşibiryerde ni nini?

Ni ile kubwa ya kurushi 500, yaani lira tano ndani ya sarafu moja. Kwenye harusi za Anatolia ilivalishwa bibi arusi, na desturi hiyo ipo hadi leo, ingawa sasa nyingi ni za Jamhuri zenye sura ya Atatürk. Nyingi za zamani zina kitanzi au tundu. Safi kabisa, isiyotobolewa, ni ya kutafuta kwa tochi.

## Bei

12. Nitajuaje bei halali?

Anza na dhahabu. Tafuta bei ya leo ya gramu moja ya dhahabu safi na uizidishe kwa 6.615. Tuseme gramu ni dola 100 (namba ya mfano tu, rahisi kuhesabu): lira moja ina dhahabu ya dola 661 na senti. Hiyo ndiyo sakafu. Sonara atakayeiyeyusha atakupa chini ya hapo, muuzaji ataomba juu ya hapo, na kazi yako ni kujua ile nyongeza unailipia nini.

Lira ya Reşad au ya Abdülhamid ya mwaka wa kawaida, iliyotumika, nyongeza yake iwe ndogo. Nyongeza kubwa ina haki pale tu unapoweza kuonyesha kwa kidole sababu yake kwenye sarafu yenyewe: mwaka adimu, mji wa swali la 9, kurushi 250 au 500, au hali nzuri isiyo ya kawaida. Maneno ya muuzaji kwamba "hii ilitoka ikulu" si sababu. Hayamo kwenye sarafu.

13. Nianze na ipi?

Mimi ningeanza na kurushi 100 ya Reşad, nene, isiyotobolewa. Zipo nyingi, bei yake inajulikana kila duka, na ukichoka unaiuza bila tabu. Mfuko ukibana, kurushi 25 ya Abdülhamid inakupa tughra ileile kwa robo ya dhahabu, ingawa kwa gramu utalipa zaidi kidogo.

Baada ya hapo wengi hutafuta sarafu moja kwa kila Sultani. Tano zinapatikana kwa subira, lakini Murad V anaweza kukusubirisha maisha yako yote. Sishauri kukimbilia sene zote 34 za Abdülhamid. Utalipia tarakimu ndogo chini ya tughra huku kila kitu kingine kikibaki vilevile, na hamu itaisha kabla ya pesa.

## Bandia na za mashaka

14. Bandia zinatambulikaje?

Ziko za aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni shaba iliyopakwa rangi, nyepesi mno, na mizani peke yake inaimaliza. Nyingi wala hazikutengenezwa kudanganya. Ni mapambo ya vitambaa vya kichwa na mavazi ya ngoma, mara nyingine na maandishi yasiyosomeka au tughra iliyogeuzwa. Tatizo huanza zinapozeeka na kuuzwa kama za kale.

Ya pili ni dhahabu hafifu, karati 18 au 14, yenye umbo zuri. Hapa mizani inaweza kudanganywa kwa kuongeza unene, lakini maji hayadanganyiki (swali la 15). Ya tatu ndiyo ngumu: dhahabu halisi ya karati 22 iliyopigwa upya na masonara kwa muhuri wao wenyewe. Kwenye dhahabu hupotezi, kwenye nyongeza unapotea. Chukua kioo cha kukuzia na utazame mahali herufi zinapokutana na uwanja wa sarafu. Kwenye sarafu ya karakana pembe hiyo ni kali. Kwenye iliyomiminwa ni ya mviringo, kama imelainika, na uwanja una vitundu vidogo. Zungusha ukingo na uangalie kama meno yake yanakatika mahali, au kuna mstari wa mshono. Halafu soma tarehe. Wapo waliounganisha 1327 na sene 12, wakati Reşad hakufika huko.

Sumaku ipitishe, lakini isikupe imani: shaba nayo haishikwi na sumaku.

15. Kupima kwa maji kunafanywaje nyumbani?

Unahitaji mizani ya mfukoni inayosoma gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba. Pima sarafu ikiwa kavu, tuseme ni 7.20. Weka glasi ya maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi na uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Mizani itaonyesha namba ndogo.

Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo, na jibu ndilo msongamano wa sarafu. Dhahabu ya karati 22 huwa na msongamano wa 17.5 hadi 17.8 hivi, kwa hiyo lira nzima inatakiwa ikuonyeshe karibu 0.41. Ikisoma 0.40 au 0.42, hilo ni kosa la mizani. Ikisoma 0.46 au 0.47, umeshika karibu karati 18. Vipovu vya hewa vilivyoganda kwenye tughra huharibu kipimo, basi itikise kidogo kwanza. Rudia mara tatu.

Kwa kurushi 25 njia hii haifai. Namba ni ndogo mno, 0.10 hivi, na mizani ya mfukoni itakuyumbisha.

16. Si bora nimpelekee tu sonara?

Mpelekee, lakini mwambie mapema kwamba hutaki aisugue kwenye jiwe wala kuitia tindikali. Kwa mkufu mkwaruzo huo si kitu, kwa sarafu ni kovu. Maduka mengi sasa yana mashine ya mionzi ya kusoma karati, na hiyo haiachi alama. Ila kumbuka mashine husoma ngozi ya juu tu. Sarafu yenye ganda nene la dhahabu inaweza kuipita, kwa hiyo kipimo cha maji kifanywe pia.

## Hali na utunzaji

17. Yangu imetobolewa. Haina thamani?

Ina thamani ya dhahabu yake, na kwa sarafu za kawaida hiyo ndiyo sehemu kubwa. Kilichopotea ni nyongeza. Nyingi sana zilivaliwa, kwa hiyo tundu si ajabu. Linalotakiwa kukuumiza kichwa ni tundu lililozibwa. Angalia juu kabisa ya tughra, pale kitanzi kingekaa. Ukiona rangi tofauti kidogo, nyota iliyofifia huku wenzake wakiwa wazi, au meno ya ukingo yaliyochorwa kwa mkono, imezibwa. Muuzaji mwaminifu hukwambia kabla hujauliza.

Kitanzi kilichochomelewa usikitoe. Hutapata sarafu safi, utapata sarafu yenye kovu na mkufu usio na kidani.

18. Niisafishe vipi?

Usiisafishe. Haishiki kutu, na wekundu unaouona ni shaba iliyochanganywa nayo. Ikiwa ina mafuta ya mikono au uchafu wa miaka, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kusugua, kisha iweke juu ya kitambaa ikauke. Dawa ya meno, majivu na ndimu viache jikoni. Ihifadhi kwenye kikasha cha plastiki ngumu cha milimita 22, usiiweke na nyingine kwenye kifuko zikagongana.

## Sheria na dini

19. Naruhusiwa kununua Istanbul na kurudi nayo nyumbani?

Kununua ndani ya Uturuki hakuna tatizo. Sheria yao ya mambo ya kale, namba 2863 ya mwaka 1983, inawataja masultani sita hawahawa kwa majina na kusema sarafu zao zinauzwa na kununuliwa ndani ya nchi bila kusajiliwa. Zile za kabla ya Abdülmecid hazimo kwenye ruhusa hiyo, kwa hiyo ya Mahmud II usiiguse kama huna uhakika.

Neno la kushika hapo ni "ndani ya nchi". Kuvuka nayo mpaka ni habari nyingine, na Uturuki haina mchezo na vitu vya kale uwanja wa ndege. Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji kuhusu hati ya makumbusho na risiti inayoeleza sarafu kwa jina, mwaka na uzito. Akikwambia "weka mfukoni tu, hakuna anayeangalia", nunua kwingine. Ukifika nyumbani, itangaze forodhani. Mimi kwa sarafu za bei kubwa napenda wauzaji na minada ya Ulaya au Ghuba, ambako tayari zimeshatoka kihalali na zina makaratasi.

Ukiwa Istanbul, Makumbusho ya Akiolojia yana hazina kubwa ya sarafu, na karakana ya zamani iko jirani, kwenye uwanja wa nje wa Topkapı. Mwingereza James Robertson, mmoja wa wachongaji waliofanya kazi humo kwa karibu miaka 40, ndiye huyohuyo aliyepiga picha za Vita vya Krimea.

20. Zinatolewa zaka?

Dhahabu uliyoiweka kama akiba ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka, ina zaka. Nisabu inayotumika na wengi ni gramu 85 za dhahabu safi. Lira 12 zina gramu 79.4, hazijafika. Lira 13 zina gramu 86, zimefika, na asilimia mbili na nusu yake ni gramu 2.15. Hesabu pamoja na dhahabu nyingine uliyonayo. Kuhusu iliyo shingoni mwa mke, wanazuoni wametofautiana, na shehe wako anajua madhehebu yako kuliko ukurasa huu. Mwulize pia kuhusu kununua dhahabu kwa mkopo au kulipa leo na kupokea mwezi ujao. Suala hilo lina masharti yake.

## Za pembeni

21. Nimeuziwa "lira ya Uthmaniya" yenye gramu 8.5. Nimepigwa?

Soma jina la mji. Likiwa Misr, hiyo ni sarafu ya qirshi 100 ya Misri. Misri ilikuwa chini ya Sultani kwa jina, ikaandika tughra yake na mwaka wake wa kukalia kiti hadi 1914, lakini fedha yake ilikuwa na kiwango chake: gramu 8.5, karati 21. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.4 hivi, kuzidi lira ya Istanbul. Kwa hiyo kama ulilipa bei ya lira, aliyepigwa ni muuzaji.

22. Ile yenye mwaka 1299 na mizani, niliyokuta Unguja?

Hiyo ni pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, 1299 Hijria, haihusiani na Istanbul. Ikiwa inang'aa kama dhahabu, mtu aliipaka. Barghash alitoa pia dhahabu mwaka huohuo, riali 5 na riali 2½, lakini hizo ni adimu kupita karibu kila kitu kilichotajwa hapa.

23. Na ile ya tembo ya Tabora? Uzito wake ni uleule.

Karibu uleule: gramu 7.168 dhidi ya 7.216. Ni rupia 15 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakati Wajerumani, washirika wa Uthmaniya katika vita hivyo, wamezingirwa na hawana njia ya kupata sarafu kutoka kwao. Vipande 16,198 tu. Lakini dhahabu yake ni 750 katika 1,000, kwa hiyo safi ni gramu 5.38 tu, pungufu ya lira kwa zaidi ya gramu moja. Anayeiuza kwa hesabu ya dhahabu anaitupa, maana bei yake iko kwa tembo. Na kwa sababu hiyohiyo zimeghushiwa sana, basi kabla ya kulipa fanya kipimo cha swali la 15. Ukigawanya upate 17.6, mtu ametumia dhahabu nzuri kuliko Wajerumani walivyoweza, na sarafu hiyo si ya Tabora.